Sufuria za Msikiti

Boya lilipanda na wimbi la ziwa, likashuka, na balbu ikawaka ufukweni Jinja.

"Subhanallah!" Injinia kutoka Mbale, wa kwanza kuitikia wito wa fundi Jibril wa kutafuta wabia, akanyoosha mkono. "Bwana, tuko pamoja. Mtambo huu wa umeme wa mawimbi tutaupeleka baharini, Mombasa."

Mikono haijakutana, kipaza sauti cha msikiti kikakoroma. Innalillahi, Haji mtunza vyombo amefariki.

Jibril akageuka kulitazama boya. Haji ndiye aliyemwazima kimyakimya sufuria mbili kubwa za msikiti, zile za kupikia msibani. Jibril alizilaza zikatazamana mdomo kwa mdomo, akazichomelea, akazipaka rangi. Ndizo boya lenyewe. Hakuna mwingine aliyejua.

Mama mmoja akashuka mbio kutoka msikitini. "Fundi, njoo utuvunjie kufuli la stoo! Ufunguo wa marehemu hatuuoni, na wazikaji wanafika. Tutapikia nini?"

Injinia bado alikuwa amenyoosha mkono.

"Stoo haina kitu, mama," Jibril alisema.

Akaingia majini na viatu vyake hadi kwenye boya, akakata waya. Balbu ikazimika.