Picha Zilizohama

Ratiba ya mazishi ya baba yao ilipotoka kwenye printa, juu ya neno "Marehemu" ilikaa picha ya Asajile, ambaye alikuwa amesimama pale kaunta, mzima wa afya.

"Unataka kunizika!" Asajile alimrukia Gwamaka, mdogo wake aliyeiandaa, akambamiza kichwa kwenye kona ya meza. Gwamaka akaanguka chali chini ya printa.

"Mwache!" Sekela, mwenye duka, alipiga kelele. "Kosa ni langu! Nimefungua faili la Word, picha zikahama. Kwenye PDF hazihami!"

Akaifungua PDF iliyokuwa kwenye flashi ileile. Baba alikuwa juu, wanawe chini.

Asajile akapiga magoti. "Inuka uone, mdogo wangu. Kila mtu yuko mahali pake."

Printa iliendelea kutema karatasi, zikimdondokea Gwamaka kwenye kifua kisichopanda wala kushuka, kila moja na sura ya kaka yake.