Chakula Kinapoa

Baba alipowasha gari, simu yangu ilijiunga yenyewe na spika, na sauti ya kaka ikatuvamia humo ndani kama mtu aliyepiga mlango teke.

Ilikuwa albamu yake ya rap, ile aliyoirekodi ndani ya kabati la nguo miezi michache kabla hatujamzika. Likizo nzima nilikuwa nikiisikiliza kwa siri, vidude masikioni, huku baba na mama wakirushiana maneno: nani amesahau taulo, nani alichagua nyumba yenye kitanda cha ziada. Sasa tulikuwa tunarudi nyumbani kabla ya siku zetu kwisha.

"Zima hayo makelele," baba alisema. Ndivyo alivyokuwa akimwambia kaka.

Nilihangaika na simu, ikaniponyoka, ikaingia chini ya kiti. Wimbo ukaisha wenyewe. Kisha, kwa mbali, kutoka nje ya kabati lile, ikasikika sauti ya mama: "Wewe mwanamuziki, chakula kinapoa!"

"Nakuja, mama!"

Mimi nilikijua hicho kipande. Kaka alikataa kukifuta. Mama alikuwa hajawahi kukisikia.

Baba akaingiza gia. Mama akauweka mkono wake juu ya wa baba, akaukandamiza hadi vifundo vya vidole vikapauka. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu tufike.

"Subiri kwanza," alisema, macho kwenye mlango wa nyumba tuliyokwisha kuifunga. "Amesema anakuja."