Sauti ya Bi Nargisi

Mchezaji akishasaini, sauti yake ni mali ya timu. Ndiyo maana mjukuu wangu Makame, golikipa, akitaka kuimba hiphop huazima sauti ya ndugu, na mwenye sauti hukaa bubu hadi shoo iishe.

Nimemlea mimi, mama wa mama yake, nikimfulia glavu tangu darasa la nne. Lakini aliazima ya Bi Nargisi, mama wa baba yake, aliyekuwa akimwona Idi hadi Idi.

"Yako nyororo mno, Bibi," aliniambia. "Hiphop inataka mikwaruzo."

Basi kila Jumamosi Bi Nargisi huja kwangu na kitambaa chekundu shingoni. Sauti yake inachana mistari redioni, yeye anakunywa chai yangu ya tangawizi, ananionyesha koo lake kwa kidole, anatabasamu.

Jumamosi iliyopita shoo ikaisha. "Haya, sema sasa, mke mwenzangu!" nikamtania. Akafumbua mdomo, hakikutoka kitu. Leo siku ya nne.

Makame kanipigia simu analia: hata kwake sauti hiyo haitoki tena. Kesho ana shoo nyingine, ya katikati ya wiki.

"Usilie, mume wangu," nikamwambia. Siku zote nne nimeshinda nikifokea kuku mpaka koo linawaka. "Sikiliza. Sasa inakwaruza."