Kompyuta ya Mshonaji

Muuzaji alipomwona mwalimu mstaafu akisukuma mlango wa kioo, aliacha sentensi yake katikati.

"Karibu, mama," alisema. "Ungenipigia tu simu, ningekuletea mwenyewe."

"Nimekuja kununua, si kuletewa. Mhudumie kwanza mwenzangu."

Mwenzake alikuwa nesi kijana, bado amevaa sare, amesimama mbele ya kompyuta mpakato mbili. Mwalimu aliketi, akaliweka begi lake mapajani. Mlangoni mlinzi alitaka kumpokea, akakataa. Alikuwa amelibeba tangu kituoni, bega likimwuma, na hakutaka mtu ampunguzie hasira hata chembe.

Ndani ya begi ilikuwamo kompyuta ya rafiki yake, mshonaji. Walilala bweni moja wakiwa wasichana, wakapotezana, wakakutana tena mwaka huu tu. Mshonaji alitaka mashine ya kuandikia barua, kutunza vipimo vya wateja, na kumwona binti yake aliye ng'ambo. Aliuza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo. Katika duka hili akauziwa dude lenye kadi ya picha inayojitegemea, la wachezaji wa gemu na wahariri wa filamu: zito kama tofali, feni inavuma kama mashine ya kusaga, betri haimalizi saa moja. Mtaani kwake umeme hukatika kila siku. Binti akiwa katikati ya neno, skrini inazimika.

Mshonaji aliirudisha dukani. Muuzaji akacheka mbele ya wateja. "Bibi, hii si cherehani. Kama imekushinda, rudi ukashone."

Tangu siku hiyo mshonaji hakushona wala hakuandika. Alimsimulia mwalimu huku akitazama ukuta, kisha akampa risiti. Mwalimu alilisoma jina la muuzaji mara mbili, akaikunja ile risiti, akaomba maji ya kunywa.

"Huyu niachie mimi," alisema.

Kwa wiki tatu alisoma kama mtu anayengoja mtihani. Alikaa kwenye kibanda cha fundi wa kompyuta, akauliza mpaka fundi akachoka. Akaelewa kwamba kompyuta nyingi zina uwezo wa picha uliojengewa humohumo ndani ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, unaotumia memori ya mashine yenyewe na kula umeme kidogo. Kwa barua, hesabu na simu za video, huo unatosha na kusaza. Kadi inayojitegemea ina memori yake, joto lake na njaa yake ya umeme. Hakujifunza ili ajue. Alijifunza ili alipize.

Akachagua na saa: Jumatatu, saa tano asubuhi, mwenye duka anaposhuka kutoka ofisini kukagua rafu. Ratiba hiyo aliijua vizuri.

Sasa mwenye duka alikuwa pale, hatua nne kutoka kaunta, akipanga chaja.

"Kwa masomo yako na ripoti," muuzaji alikuwa akimwambia nesi, sauti imepungua, "hii yenye kadi yake ndiyo... ndiyo ya kudumu."

"Na mimi?" Mwalimu alisimama. "Naandika barua na kuongea na ndugu kwa video. Nichukue ipi?"

Muuzaji alimtazama nesi, akamtazama tajiri wake. Pua ilimtota jasho.

"Mama..."

"Sema tusikie sote. Ipi?"

"Hii," alisema, macho kwenye kaunta. "Yenye kadi yake."

Mwalimu alimpa muuzaji nafasi ya kulirudisha neno lake. Hakulirudisha.

Basi mwalimu akafungua begi, akaiwasha ile mashine. Feni ikanguruma mpaka mwenye duka akageuka. Mwalimu akaeleza yote bila kupandisha sauti, kama yuko ubaoni.

"Mwanangu," alimwambia nesi, "wewe unazunguka na begi mchana kutwa. Chukua ile nyembamba. Uwezo wake wa picha umo humohumo ndani, unakutosha, na betri itakufikisha jioni."

Kisha akasimulia kile kicheko, neno kwa neno.

"Ni kweli?" mwenye duka akamuuliza muuzaji.

Muuzaji aliitikia kwa kichwa.

"Kumbe ndiyo maana unaongoza kwa mauzo. Vua hiyo fulana ya duka, uiache hapo."

"Tajiri, nisamehe."

"Mama huyu akikusamehe, nami nitafikiri."

Wote wakamgeukia mwalimu. Hilo hakulitarajia.

"Aivue," alisema.

Alisimama kumtazama akiivua, mkono mmoja, kisha wa pili. Nesi aligeuza uso. Mwalimu hakugeuza.

"Mama, umenimaliza," muuzaji alinong'ona akipita.

Mchana huohuo mshonaji alipokea mashine nyingine, ambayo mwenye duka aliitoa badala ya ile ya kwanza. Aliinyanyua kwa mkono mmoja, akashangaa. Alizungumza na binti yake mpaka wakaishiwa maneno, na feni haikusikika.

"Na yule kijana?" aliuliza baadaye.

"Amefukuzwa."

Mshonaji alipiga kofi la furaha. "Afadhali! Sijui alilelewa na nani yule."

"Hata mimi najiuliza," mwalimu alisema, akaaga.

Saa kumi na moja alifika nyumbani. Muuzaji alikuwa ameketi jikoni, kichwa chini. Mwalimu alipasha chakula, akapakua, akaisukuma sahani mbele yake.

"Kula," alimwambia. "Baba yako akirudi utamweleza mwenyewe."