Sifuri Nukta Kumi

Siku hizi kila ndoa ina namba yake mlangoni, na ndoa isiyofika moja bado ni ya majaribio: mume anaweza kuivunja bila kutoa sababu. Ya Mwanaidi na Shekue ilikuwa sifuri nukta tisa. Ya mke mdogo, Salha, aliyeolewa juzi tu, ilishakuwa moja kamili, na Mwanaidi alichomwa na wivu kila alipopita mlangoni pa mwenzake akaiona iking'aa.

Siku ya kupandishwa namba alipika pilau, akajifukiza udi. Mlango wake ukalia, namba ikabadilika: sifuri nukta kumi.

"Tisa imekwisha," alimwambia mumewe. "Si ilipaswa kuwa moja?"

"Hapana, Mwanaidi," Shekue alijibu bila kumtazama. "Baada ya tisa inakuja kumi, kisha kumi na moja, hivyo hivyo. Moja haiji mpaka mimi niseme tumekamilika."

"Kwa Salha ulisema?"

Shekue akajipakulia pilau.

Salha aliingia, akampa Mwanaidi pole kwa sauti tamu, kisha akasimama akilitazama kabati la vyombo.

"Bi mkubwa," aliuliza, "hili ni lako, au ni la nyumba?"