Mama wa Mshtakiwa

Hakimu alipouliza kama mshtakiwa ana mdhamini, mahakama nzima iligeuka kumtazama Bi Mwajabu. Kizimbani, Hemedi, mwanawe wa pekee, alisimama pekupeku, shati limekatika vifungo.

"Mama yangu yule pale, mheshimiwa," alisema, uso ukimchangamka.

Bi Mwajabu alikuwa amekuja kumtoa. Njia nzima alijiambia kwamba mtoto hatupwi na mama yake. Lakini asubuhi ile, kabla hajaondoka nyumbani, alikuwa amemnywesha uji mkwewe Zawena kwa mrija, maana taya ambalo Hemedi alilivunja kwa ngumi lilikuwa limefungwa kwa waya. Zawena hakumwomba asiende. Aliuliza tu, maneno yakipenya kwa shida katikati ya meno, "Mama, akirudi, mimi nilale wapi?"

Bi Mwajabu alikiweka kikombe cha uji chini, akatoka.

"Mama, simama basi," Hemedi alimhimiza.

Miguu ilitaka kusimama. Bi Mwajabu aling'ang'ania benchi kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kuchukuliwa na maji, machozi yakimdondokea kifuani. Hakimu alirudia swali lake, akangoja, kisha akaandika. Askari akamshika Hemedi mkono.

"Mama! Mama, ni mimi!"

Hakuinua uso. Alipouinua, kesi nyingine ilikuwa imeshaitwa, na mlango waliompitishia mwanawe ulikuwa ungali ukichezacheza kwenye bawaba zake.