Ufito wa Fundi Ngwali

Tangu mashindano ya uvuvi yaanze pale mtoni, kila samaki akawa wa kupimwa, na Fundi Ngwali, mshona nguo, raha ya kuvua ikamtoka. Akamwita jirani yake ukingoni, akampa ufito wake.

“Chukua, Bi Hidaya. Mimi basi.”

Bi Hidaya akatumbukiza ndoana vivi hivi.

“Aa! Hujakitemea mate chambo!”

“Nimtemee samaki mate, halafu nimle?”

“Lete nikuonyeshe.”

Akatema, akarusha. Mshipi ukakaza, moyo ukamdunda. Samaki akachomoka, akaenda zake. Fundi akacheka peke yake, akatia chambo kingine.

“Haya, nipe ufito wangu.”

“Ngoja kidogo, bibi wee.”

Bi Hidaya akatandika khanga majanini, akaketi, macho kwenye mshipi ulioanza kutikisika.